Bitiruti kwenye maji ya moto: namna ya kupima joto linavyoulegeza utando wa seli

Kila msimu wa majaribio maswali huwa yale yale. Mbona neli zangu zote zimekuwa nyekundu? Mbona nyuzi 20 zimetoa rangi nyingi kuliko nyuzi 40? Nitumie kichujio gani? Grafu yangu ni sahihi kweli? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, kidogo kidogo, na kila mara nimesahau jambo moja. Hapa nimeyapanga yote, tangu kuchagua bitiruti hadi kuisoma grafu, ili ukianza ujue kila hatua ina kazi gani.

Swali la jaribio ni moja: joto likipanda, upenyevu wa utando wa seli ya mmea hubadilikaje? Utando wenyewe huwezi kuuona kwa macho. Unachokiona ni rangi inayovuja, na mtego uko hapo hapo. Rangi inaweza kutolewa na joto, lakini inaweza pia kutolewa na kisu chako. Kazi yako yote ni kuzitenganisha hizo mbili. Ukilishika hilo, nyingi ya hatua zilizo hapa chini ungeweza kuzibuni mwenyewe.

## Nadharia kidogo, ya kutosha kuanzia

Rangi ya bitiruti ni betalaini, na iliyo nyingi zaidi humo huitwa betanini. Huhifadhiwa ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji unaojaza sehemu kubwa ya seli. Ili itoke nje inapaswa kuvuka tando mbili: utando wa vakuoli, kisha utando wa nje wa seli. Ukuta wa seli hauizuii, kwa kuwa una vinyweleo vya kutosha. Kwa hiyo rangi ikionekana kwenye maji, na ukawa na hakika kwamba haikutokana na kukata, tando zote mbili zimeachia.

Utando umejengwa na tabaka mbili za fosfolipidi (molekuli za jamii ya mafuta) zenye protini zilizopachikwa humo. Mfano tunaoutumia hadi leo ulitolewa na Singer na Nicolson mwaka 1972, nao unauchukulia utando kama kitu kinachotiririka: molekuli zake husogea ubavuni muda wote. Joto likiongezeka, fosfolipidi hutikisika zaidi na kuacha mianya ya hapa na pale. Likizidi, protini hupoteza umbo lake, na mahali zilipokuwa zimekaa pakawa tundu. Kwenye bitiruti mabadiliko makubwa huonekana kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi. Utando uliofikia hapo haurudi ulivyokuwa hata ukiupooza.

Hiyo inatosha. Tuingie kazini.

## Andaa hivi kabla hujagusa kisu

- Bitiruti mbichi, ngumu, isiyonyauka. Moja kubwa ni bora kuliko mbili ndogo. Iliyochemshwa au kutiwa siki haifai hata kidogo, maana tando zake zimekwisha kufa.
- Bomba la kukatia lenye kipenyo cha milimita 5. Kama huna, kisu kikali na rula vitakutosha; utakata vipande vya mraba badala ya vya duara.
- Kibao cha kukatia, wembe au kisu chenye makali, rula yenye milimita, na kibano.
- Neli za majaribio 19 na kitu cha kuzisimamishia.
- Maji yaliyokenekwa, lita 1 hivi. Ya kusuuzia yanaweza kuwa ya bomba.
- Beseni la maji lenye kudhibiti joto. Bika kubwa, maji ya moto na maji baridi vinaweza kuchukua nafasi yake, ila utalazimika kusimama hapo na kipimajoto.
- Vipimajoto viwili ukiweza, saa, na sirinji au pipeti ya mililita 5.
- Kolorimita (mashine inayopima kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na maji yenye rangi), kuveti zake (vichombo vidogo angavu vya kutilia sampuli), na kichujio cha kijani. Asiye nayo asikate tamaa. Njia mbadala iko mbele.
- Karatasi laini za kukaushia, kalamu inayoandika kwenye kioo, na daftari.

Tahadhari ni chache, lakini usizipuuze. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, kwa hiyo neli itolewe kwa kishikio, si kwa vidole. Bomba la kukatia lisukumwe kuelekea kwenye kibao, kamwe lisielekee kiganjani. Beseni la umeme liguswe kwa mikono mikavu. Na rangi hii ikiingia kwenye nguo nyeupe haitoki kwa urahisi.

## Hatua kwa hatua

1. Panga viwango vya joto. Anza na nyuzi 20, 30, 40, 50, 60 na 70, neli tatu kwa kila kiwango. Wanaoanza hupenda kuongeza 80 na 90 wakidhani ukubwa wa namba ndio ukubwa wa jaribio. Ukiwa na muda wa ziada, ongeza 45 na 55, kwa sababu habari yenyewe iko kati ya 40 na 60. Huko juu ya 70 utando umeshakufa na hauna jipya la kukueleza.

2. Andika neli kabla ya yote. Joto na namba ya marudio: 20A, 20B, 20C, na kuendelea. Neli ya 19 iandike "maji tu, 70". Hiyo ni kidhibiti chako: maji bila kipande, yatakayopita kila kitu wanachopitia wenzake.

3. Kata vipande. Menya sehemu utakayotumia au iepuke ngozi. Ngozi ina seli za aina nyingine na hupunguza eneo la kuvujia. Toboa mirija 18 kwa bomba, kisha ikate iwe na urefu wa milimita 10 kamili, ncha zote mbili zikiwa zimenyooka.

Hapa sikuombi uwe makini kwa ajili ya unadhifu. Piga hesabu uone. Kipande cha kipenyo cha milimita 5 na urefu wa milimita 10 kina eneo la nje la milimita za mraba 196 hivi. Kikiwa na urefu wa milimita 12, eneo hilo linafika 228. Ni ongezeko la asilimia 16, na chanzo chake ni milimita mbili ambazo jicho lilizipuuza. Ukiona tofauti ya asilimia 16 kati ya nyuzi 30 na 40, utajuaje kama ni joto au ni rula?

Tumia kisu kikali. Kisu butu hakikati seli, huziponda, na seli iliyopondwa inamwaga rangi kwa saa nzima. Kipande kilichopasuka, chenye ncha ya mshazari au kilichochubuka, kitupe. Kwa sababu hiyo kata vipande 22 au 23 ili uwe na vya kuchagua.

4. Suuza, kisha suuza tena. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko nyingine yoyote. Kila uso uliokatwa una maelfu ya seli zilizopasuliwa, na rangi yake iko wazi, inangoja maji tu. Weka vipande kwenye chujio, vipitishie maji ya bomba yanayotiririka polepole, huku ukivigeuza, hadi maji yatoke meupe. Halafu viloweke kwenye bika la maji yaliyokenekwa kwa dakika 30. Maji yakigeuka ya waridi, yamwage, weka mengine. Rudia mpaka maji yakae dakika 10 bila kubadilika. Ukiweza kuviacha vimelowa usiku kucha mahali pa baridi, usiku huo utakuwa umekuokolea kazi kubwa.

Huulizwa: seli hazitapasuka zikikaa kwenye maji safi? Hapana. Maji huingia kwa osmosisi na seli hujaa, lakini ukuta wa seli huubana utando usipasuke. Seli ya mnyama ingepasuka. Ya mmea hukaza tu.

Niseme jambo lililonipata. Kuna wakati neli zangu za nyuzi 20 zilitoka nyekundu kuliko za nyuzi 40. Nikashuku kipimajoto, nikakibadilisha, matokeo yakawa yale yale. Nikashuku beseni. Siku ya pili nikafuatilia mkono wangu mwenyewe tangu mwanzo: vipande vya nyuzi 20 nilikuwa navikata mwisho, baada ya vingine kuwa vimekwisha kulowekwa, na kuvitia kwenye neli moja kwa moja. Vilikuwa vimesuuzwa kwa sekunde chache tu. Nilikuwa napima kisu.

5. Changanya, ndipo ugawe. Bitiruti ikikatwa katikati inaonyesha pete, nyeusi na nyeupe kidogo zikipokezana. Kipande kilichotoka kwenye pete iliyokolea kina rangi nyingi tangu mwanzo. Ukigawa kwa mpangilio uliokatia, vipande vya upande mmoja vitajikuta kwenye joto moja, na grafu yako itaonyesha anatomia ya bitiruti badala ya joto. Vichanganye vyote kwenye bika moja, uvichukue bila kuchagua. Kila kimoja kipanguse kwa kukigusisha kwenye karatasi laini. Usikikamue wala kukisugua.

6. Pasha maji moto bila vipande. Tia mililita 5 za maji yaliyokenekwa kwenye kila neli. Zile tatu za joto husika ziweke kwenye beseni kwa dakika 5 zikiwa na maji tu. Kisha chovya kipimajoto ndani ya neli yenyewe na usome. Beseni likionyesha 50, neli inaweza kuwa 47, na namba ya kuandika kwenye daftari ni ile ya neli. Kama una beseni moja, anza na joto la chini upande juu. Kulipasha beseni ni rahisi kuliko kulipooza. Vipande vinavyosubiri zamu vibaki kwenye maji baridi, na visuuzwe tena kabla ya kutumika.

7. Tumbukiza na uhesabu muda. Kipande kimoja kwa kila neli, ukipishanisha sekunde 30 kati ya neli na neli ili upate nafasi ya kuvitoa kwa mpangilio ule ule. Kila kipande kikae dakika 15 kamili. Muda ukichagua mwingine ni sawa, mradi uwe mmoja kwa joto zote. Rangi huvuja kwa kuendelea, kwa hiyo dakika 18 badala ya 15 ni matokeo tofauti.

Ukifika nyuzi 60, usiende kukaa. Inama utazame neli kutoka ubavuni, karatasi nyeupe ikiwa nyuma yake. Baada ya muda mfupi utaona nyuzinyuzi za rangi zikishuka kutoka kwenye kipande, nyembamba kama moshi uliopinduliwa, zikijikusanya chini kwenye kitako cha neli. Utomvu wa bitiruti una sukari, ni mzito kuliko maji, ndiyo maana unazama. Kwenye nyuzi 30 utatazama dakika zote hizo usione uzi hata mmoja. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado huwa nainama kutazama.

Uzuri huo una onyo ndani yake: rangi haijatapakaa sawasawa kwenye neli. Ukichota maji ya juu bila kuchanganya, utasoma uongo.

8. Toa kipande, changanya maji. Muda ukiisha, kitoe kipande kwa kibano, ukikishika kwa wepesi. Kibano kikikibana, seli zitamwaga rangi kwenye neli sekunde ya mwisho kabisa. Kisha ipindue neli iliyofunikwa mara tatu au nne, taratibu, rangi ienee. Usiache kipande ndani "hadi nimalize zingine." Kitaendelea kuvuja huku ukingoja.

9. Sawazisha kolorimita. Acha maji yapoe hadi joto la chumba, maana maji ya moto hutia ukungu kwenye kuveti na ukungu huo huzuia mwanga. Weka kichujio cha kijani. Sababu ni hii: kitu huonekana chekundu-zambarau kwa kuwa kinafyonza mwanga wa kijani. Betanini hufyonza zaidi karibu na nanomita 535 hadi 540. Ukiweka kichujio chekundu, mwanga utapita karibu wote hata kwenye neli iliyokolea, na utadhani jaribio limekataa. Jaza kuveti kwa maji yaliyokenekwa, uisawazishe mashine kwenye sifuri ya ufyonzaji.

10. Soma. Suuza kuveti kwa tone la sampuli unayoenda kupima, umwage, kisha ujaze. Ishike kwenye pande zenye mikwaruzo, ifute pande zenye kung'aa, iingize ikiangalia upande ule ule kila mara. Anza na neli zilizofifia uende kwenye zilizokolea, ili mabaki ya rangi nzito yasiingie kwenye nyepesi. Baada ya kila neli tatu, rudisha kuveti ya maji uone kama bado inasoma sifuri. Maliza kwa neli ya kidhibiti. Nayo iwe sifuri au karibu nayo sana.

11. Andika kila namba. Usiandike wastani peke yake. Andika neli tatu, halafu wastani, na pembeni neno lolote uliloliona: "kipande kilichubuka", "nilichelewa kukitoa". Maneno hayo ya pembeni yatakusaidia kuliko unavyodhani. Tuseme kwenye nyuzi 50 umepata 0.41, 0.44 na 0.78. Wastani wa zote tatu ni 0.54, na hakuna neli hata moja iliyosoma karibu na hapo. Ukifungua daftari ukakuta kipande cha tatu kilipasuka, una sababu ya kukiacha; wastani wa viwili ni 0.43, na unaeleza hivyo kwenye ripoti. Ukikuta hakuna neno, huna haki ya kukifuta. Rudia joto hilo.

## Kama huna kolorimita

Tengeneza ngazi ya rangi. Chukua maji ya neli iliyokolea kuliko zote, uiite 10. Kwenye neli nyingine tia sehemu 8 za maji hayo na sehemu 2 za maji safi: hiyo ni 8. Endelea na 6, 4, 2 na 1, na maji matupu yawe 0. Simamisha ngazi hiyo mbele ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, ulinganishe kila neli. Mwombe mtu asiyejua neli ipi ni ya joto gani akulinganishie. Wewe unayajua majibu unayoyatarajia, na jicho lako litayafuata.

Simu nayo inafaa. Panga neli zote mstari mmoja, zipige picha moja, si picha moja moja, kwa sababu kamera hubadilisha mwangaza yenyewe kila unapobonyeza. Halafu kwa programu ya kuchagua rangi soma thamani ya kijani katikati ya kila neli. Rangi ya bitiruti ikiongezeka, thamani hiyo hushuka. Itumie kulinganisha neli zako tu. Usiichanganye na namba za kolorimita.

## Kuchora na kusoma grafu

Joto liwe mhimili wa chini, ufyonzaji mhimili wa kusimama. Weka alama za wastani, na kwenye kila alama chora mstari mdogo wa kusimama kutoka neli ya chini hadi ya juu. Mstari huo unamwonyesha msomaji kama neli tatu ziliafikiana.

Ukifanya vizuri, utapata mwanzo ulio tambarare kutoka 20 hadi karibu 40, ukipanda kidogo tu, kisha mpando mkali kati ya 50 na 60. Usilazimishe mstari wa rula upite katikati ya alama hizo. Umbo lenyewe ndilo jibu. Sehemu ya tambarare inasema tando bado ni nzima: fosfolipidi zinatikisika zaidi, uvujaji unaongezeka polepole. Sehemu ya mpando inasema muundo umevunjika, protini zimepoteza umbo na tabaka la fosfolipidi limeachana. Kwenye ripoti yako tenganisha sababu hizo mbili. Mwanafunzi anayeandika "joto liliongezeka kwa hiyo rangi iliongezeka" amesimulia grafu, hajaieleza.

Usiandike pia kwamba utando "uliyeyuka kwenye nyuzi 53." Kama ulipima 50 na 60 tu, unachojua ni kwamba badiliko limetokea mahali fulani kati yake. Ukitaka kusogea karibu zaidi, pima 52, 54, 56 na 58.

Na jihadhari na neno "kimeng'enya." Protini za utando na vimeng'enya huharibiwa na joto kwa namna inayofanana, lakini jaribio hili halipimi kasi ya kimeng'enya chochote.

## Mambo yakienda kombo

Neli zote zina rangi, hata ya nyuzi 20. Rudi hatua ya 4. Karibu kila mara ni kusuuza. Kama umesuuza kweli kweli, angalia kisu: pengine ni butu.

Hakuna rangi hata kwenye nyuzi 60. Tazama neli kwa macho kwanza, kabla ya mashine. Ikiwa neli ni nyekundu na mashine inasoma sifuri, kichujio si sahihi. Ikiwa neli yenyewe ni nyeupe, pima joto ndani ya neli. Huenda beseni limepasha maji ya nje tu, au ulitumbukiza vipande maji yakiwa bado yanapanda.

Nyuzi 80 imesoma chini ya nyuzi 70. Waliokaidi hatua ya 1 hukutana na hili, na si lazima uwe umekosea. Betanini yenyewe huharibiwa na joto. Ikikaa kwenye maji ya moto sana hupoteza wekundu na kuelekea rangi ya hudhurungi. Utando umevuja zaidi, lakini kilichovuja kimekufa njiani. Eleza hivyo, na usiseme upenyevu umepungua.

Namba zimeganda juu, hazipandi tena. Rangi imezidi uwezo wa mashine. Chukua mililita 2 za sampuli, ongeza mililita 2 za maji, soma, kisha zidisha kwa 2. Andika kwenye daftari kwamba uliizimua.

Namba hasi. Ulisawazisha kwa kuveti chafu, au kuveti imegeuzwa upande. Ifute, sawazisha upya, usome zote tena, si ile moja tu.

Maji yana ukungu au chembe. Vipande vya juu ya nyuzi 60 hulainika na kumeguka. Chembe hutawanya mwanga, na mashine huhesabu hilo kama rangi. Baada ya kuchanganya, iache neli itulie dakika 5, kisha chota maji yaliyo juu ya chembe.

Neli tatu za joto moja hazifanani. Pima urefu wa vipande ulivyovitoa. Ukikuta ni sawa, kumbuka kama ulivichanganya kabla ya kugawa, na kama neli zote ulizipindua mara sawa.

Umepata kabichi ya zambarau badala ya bitiruti. Inaweza kutumika, ila rangi yake ni anthosiani, na anthosiani hubadilika rangi kufuata asidi ya maji. Ukiitumia, maji ya neli zote yatoke kwenye chombo kimoja.

## Ukitaka kwenda upande wa baridi

Wengi huuliza kama barafu nayo inavujisha. Fanya hivi: kipande kimoja kilichosuuzwa kiweke kwenye neli ya maji ya nyuzi 4, kingine kifungie kwenye friza usiku kucha kikiwa kikavu. Cha nyuzi 4 kitatoa rangi kidogo sana, kwa kuwa fosfolipidi zimetulia na kushikana. Kilichogandishwa, ukikitia kwenye maji ya nyuzi 20, kitaanza kumwaga rangi mara tu kinapoyeyuka, na baada ya dakika 15 maji yatakuwa yamekolea. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na fuwele za barafu hutoboa tando. Madhara hayaonekani hadi barafu iyeyuke, maana rangi iliyogandishwa haina pa kwenda.

Usiiunganishe alama hiyo na mstari wa grafu yako. Kipande hicho kimepita joto mbili, la friza na la maji ya kuyeyushia, kwa hiyo kwenye jedwali kiandikie safu yake: "kiligandishwa usiku, kikapimwa kwenye nyuzi 20."